Viatu Mlangoni pa Kaya

Nilizaliwa upande wa Bamba, huko Kilifi, Kenya, katika nyumba ya mkatekista, na jambo la kwanza nililofundishwa kuhusu kaya, msitu wetu mtakatifu, ni kutoitazama. Tulipopita kando ya msitu wa wazee, baba aliongeza mwendo na kuanza wimbo wa kanisani. Hawe, mama yake baba, alikuja nyuma yetu. Akifika pale penye mti mkubwa wa mrihi, alitua mzigo wake wa kuni, akasimama kidogo, kisha akaubeba tena. Naye alibatizwa, na Jumapili hakukosa ibada. Sikuwahi kumwuliza pale anamwambia nani, na anamwambia nini.

Sasa mimi ni mwalimu wa Bayolojia hapa Ganze, na swali lile limenirudia kwa njia nyingine. Mwaka jana tuliwapeleka watoto wa klabu ya mazingira Kaya Kauma, kule Jaribuni. Tulikwenda na mtaalamu wa mimea, sheikh wa msikiti wa jirani na mchungaji mmoja, wote watu ninaowaheshimu. Mlangoni mzee wa kaya, kajifunga kaniki, akatuambia tuvue viatu.

Sheikh alivua bila neno, kama anavyovua mlangoni pa msikiti. Mtaalamu wa mimea alisita kwa ajili ya miiba, akavua. Mchungaji akasema, kwa adabu kabisa, "Baba, mimi nitawangoja hapa nje." Akaketi chini ya mti. Hakumkemea mzee, wala mzee hakumlazimisha. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilimkumbuka Musa, aliyeamriwa kuvua viatu porini, karibu na kijiti, mahali pasipokuwa na hekalu wala kuhani. Nikavua. Lakini nakiri kwamba siamini habari za fingo, hirizi ya kuilinda kaya, lililozikwa mle ndani. Je, nilikuwa mnafiki?

Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, kwa sababu naona ndilo swali lenyewe la kushirikiana. Tunazoea kudhani kwamba watu wa dini na elimu mbalimbali hawana budi kwanza wakubaliane kwa nini dunia ni ya kutunzwa, ndipo washike jembe pamoja. Mwaka 1986, kule Assisi nchini Italia, shirika la uhifadhi la WWF liliwakutanisha viongozi wa dini tano, yaani Ubuddha, Uhindu, Uyahudi, Ukristo na Uislamu, kila upande ueleze mafundisho yake juu ya viumbe. Lilikuwa jambo jema. Lakini miaka hiyohiyo, huku kwetu, mtaalamu wa mimea Ann Robertson alikuwa akizunguka katika kaya akiorodhesha mimea, na baadaye akaendelea na kazi hiyo pamoja na mwenzake Quentin Luke. Misitu ile waliyoikuta ilikuwa imesimama kwa amri ya wazee ambao dini yao haikuhesabiwa miongoni mwa zile tano.

Orodha zile zilizaa matunda. Mwaka 1992 Makavazi ya Kitaifa yakaanzisha kitengo cha kuhifadhi misitu ya Pwani, na kaya zikaanza kutangazwa kuwa turathi za taifa. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza baadhi yake katika urithi wa dunia, Kauma ikiwa mojawapo. Yote hayo yalianza na mtaalamu aliyemwuliza mzee, "Huu mnauitaje?" na mzee akakubali kumjibu. Hawakuafikiana kuhusu Mulungu wala kuhusu koma, mizimu ya mababu. Waliafikiana kuhusu jina la mti.

Darasani nasema "bioanuwai", na ni neno zuri. Lakini sijaona panga lililozuiwa na neno hilo. Kinachozuia panga Kaya Kauma ni mwiko, na faini ya mbuzi kwa anayeuvunja. Kumwambia mzee kwamba kwa kweli alikuwa akihifadhi bioanuwai ni kumvua nguo yake na kumvika yetu, kisha kumsifu jinsi ilivyomkaa. Nilivua viatu kwa sababu pale mimi ni mgeni, na mgeni hachagui sheria za mwenyeji wake. Imani yangu niliingia nayo nzima, nikatoka nayo nzima.

Hata hivyo siwaungi mkono wale wanaosifia mila wakiwa mbali. Hofu ya nguvu zisizoonekana inayolinda mrihi ndiyo hiyohiyo inayowaua wazee wetu. Hapa Kilifi mtu akiota mvi anaweza kuitwa mchawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna kipande cha shamba. Kule Godoma, katika Ganze hii, pana makao ya wazee waliokimbia watoto wao wa kuzaa. Tunawaomba wazee watulindie msitu, na sisi tumeshindwa kuwalinda wazee. Hapo ndipo mchungaji, sheikh na mwalimu wanapohitajika zaidi kuliko penye kupanda miche, na hapo hakuna anayehitaji kuvua viatu.

Kuna pia njaa. Katika ukame wa 2020 hadi 2022 nilimkuta mzazi wa mwanafunzi wangu kando ya barabara na magunia mawili ya makaa, akingoja mnunuzi. Nikaanza kumweleza habari za mvua na miti. Akaniangalia akasema, "Mwalimu, haya nimeyasikia. Jioni watakula nini?" Sikuwa na jibu. Mchungaji yule aliyekataa kuingia kaya ndiye aliyekuwa nalo. Kanisa lake lilitoa unga kwa familia za wachoma makaa kwa wiki kadhaa, na majirani Waislamu nao walipewa. Tangu siku hiyo nimeacha kumpima mtu kwa alivyofanya mlangoni.

Nirudi Kauma. Ndani, chini ya mbambakofi, ganda lilikuwa limepasuka na mbegu zimemwagika, nyeusi tii, kila moja na kofia yake nyekundu. Msichana wa kidato cha pili aliokota moja. Mzee akamwambia, "Irudishe, mjukuu wangu. Ya humu ni ya humu." Mtaalamu wa mimea alitaka kueleza kwamba mbegu moja haipunguzi kitu, nikamwona akinyamaza. Msichana aliirudisha palepale ilipokuwa, akaandika daftarini *mbambakofi*, na chini yake *Afzelia quanzensis*.

Wiki mbili baadaye mzee alikuja shuleni kwa miguu. Alifungua kitambaa juu ya meza yangu, na ndani mlikuwa na mbegu kumi na moja za mbambakofi, za mti ulio nje ya kaya, kando ya njia ya kuteremkia mtoni. Akauliza yule mjukuu wake yuko darasa gani. Tulizipanda katika pakiti tupu za maziwa, nyuma ya maabara. Nane zimeota. Mchungaji ameomba mche mmoja wa kiwanja cha kanisa, na mzee amesema atakwenda mwenyewe kumwonyesha pa kuupanda.