Usimwache Mwenzako Chini ya Maji

Asubuhi hii, kule Mnemba na kwenye mikondo mikali ya Pemba, wapo watakaojifunga mitungi ya hewa na kuzama wawili wawili. Nina neno nao.

Ukifika mita 20 chini, mgandamizo unakuwa mara 3 ya ule wa juu, na kila pumzi inakula hewa ya mtungi mara 3 zaidi ya ukiwa juu. Hewa ikikatika huko, huwezi kupiga kelele. Wala huwezi kuchomoka kwa pupa huku umebana pumzi, maana hewa iliyo mapafuni hutanuka na inaweza kuyapasua. Tegemeo lako ni kile kinywa cha akiba cha kupumulia kilichofungwa kifuani mwa mwenzako. Akiwa mita 2 kutoka ulipo, utakifikia. Akiwa mita 15, amezama katika kumpiga picha kasa, hakikufai kitu.

Kwangu mimi, kamera inatenganisha wazamiaji kuliko hata mkondo. Mtu anaifuata picha, anasahau kugeuka. Geuka kila baada ya pumzi chache. Muulize kwa ishara amebakiwa na hewa kiasi gani.

Mkipotezana, tafuteni kwa dakika 1 tu, kisha kila mmoja apande polepole mkutane juu. Hilo mlikubaliane mkiwa bado chomboni.

Nawe mzoefu, tafadhali, usimkimbie mgeni. Ogelea kwa mwendo wake, na hewa yake ikipungua, pandeni pamoja hata kama mtungi wako bado una ya kutosha.