Deni la Anayetangulia

Miongoni mwa viungo vya gari, taa ya breki ina tabia ya pekee. Taa za mbele humwonyesha dereva njia yake, na usukani humtii mkononi. Lakini taa ya breki huwaka asikotazama, kwa faida ya mtu asiyemjua. Ikizimika, gari huenda kama jana, breki hushika kama jana, na mwenyewe hulala usingizi wake. Mtu hajioni kisogo. Je, yafaa alaumiwe kwa giza asiloliona?

Swali lingekuwa jepesi kama taa hiyo ingekuwa pambo. Mnamo 1974, katika mji wa San Francisco, Marekani, mwanasaikolojia John Voevodsky alitia taa ya ziada nyuma ya teksi 343. Kugongwa kwa nyuma kulipungua kwa kadiri ya asilimia 60, zikilinganishwa na teksi zisizokuwa nayo. Baadaye serikali ikaamuru taa ya tatu katika motokaa mpya za mwaka 1986. Macho ya madereva yalipoizoea, faida ilishuka ikabaki kama asilimia 4: haba kwa mwenye kuhesabu, si haba kwa aliyenusurika.

Walakini usalama una bei. Balbu ya zamani, yenye uzi, ilibadilishwa kwa fedha kidogo na mwenye gari mwenyewe. Taa ya LED huitangulia kuwaka kwa karibu sehemu ya tano ya sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hiyo ni mita tano na ushei. Lakini aghalabu hufungwa ndani ya kasha lisilofunguka. Maji yakipenya, hununuliwa kasha zima. Aliyeunda chombo hivyo ana fungu lake katika lawama, ijapokuwa wachache humkumbuka siku ya ajali.

Fungu la mwenye gari halifutiki kwa hilo. Asiyejua ana udhuru, lakini si udhuru wa kudumu, kwa maana kujua hakutaki fundi wala fedha: usiku husogeza gari kinyumenyume karibu na ukuta, akakanyaga breki, akatazama kama wekundu umetokea. Na aliyekwisha kujua, akaahirisha kwa sababu ya bei, ameweka akiba kwa kumhatarisha anayemfuata, ambaye hakuulizwa kama ameridhia.