Watu Watano, Kazi Kumi na Mbili

Miaka michache iliyopita niliingia kwenye filamu fupi ya rafiki yangu hapa Dar es Salaam. Mimi ni mwandishi wa habari. Nilikwenda kusaidia muswada, nikajikuta nimeshika taa. Tulikuwa na siku tatu, nyumba ya kuazima Kinondoni, na bajeti iliyoenea kwenye kipande kimoja cha karatasi. Kwenye karatasi hiyohiyo tukaanza kukata majina. Mtu wa chakula, kata. Mtu wa mavazi, kata. Msaidizi wa kamera, kata. Tukabaki watano, tukajipongeza: eti tumepata timu ndogo yenye moyo.

Tulichosahau ni kwamba ukikata jina, kazi yake haikatiki. Inahama. Watu walihitaji kula vilevile, nguo zilihitaji pasi, na lazima awepo mtu wa kukumbuka kwamba kwenye sini ya asubuhi mhusika alivaa saa mkono wa kushoto. Bila mtu yeyote kuamua, kazi zote hizo zilitua kwa dada aliyekuja kufanya mekapu. Kwa nini yeye? Mnajua kwa nini. Siku ya pili tulimaliza saa nane usiku. Sisi wanaume tukalala palepale sebuleni, yeye akaondoka na bodaboda kwa hela yake mwenyewe. Saa moja asubuhi alisharudi, na chupa ya chai mkononi.

Hakuna aliyemlazimisha. Ndiyo maana swali linanisumbua hadi leo: mtu akikubali mwenyewe, bado unaweza kuwa umemkosea?

Mjadala huu ukizuka, hakosi mtu wa kutaja El Mariachi, filamu ya Robert Rodriguez ya mwaka 1992 iliyopigwa Mexico kwa takribani dola 7,000. Aliongoza, akapiga picha na kuhariri mwenyewe; mwigizaji asiyekuwa mbele ya kamera alisaidia nyuma yake. Tunapenda sana kuitaja hiyo 7,000. Tunasahau kwamba sehemu ya fedha hizo aliipata kwa kujiingiza kwenye majaribio ya dawa, yeye na mwili wake. Christopher Nolan naye, alipotengeneza Following iliyotoka mwaka 1998, marafiki zake walikuwa na ajira zao. Wakawa wanapiga picha wikiendi tu, kwa karibu mwaka mzima. Filamu ndiyo iliyowasubiri watu.

Kiswahili chetu kimeliona jambo hili zamani. Tunasema kujitolea, na hiyo "ji" haipo pale kwa urembo. Mtu hujitolea mwenyewe. Huwezi kumjitolea mwenzako. Tunasema pia tusaidiane, na "ane" ya mwishoni inadai kitu kirudi upande wa pili. Kwenye seti nyingi za bajeti ndogo maneno haya hutamkwa na mtu mmoja tu, yule ambaye filamu ni yake.

Sisemi kwamba asiye na fedha asishuti. Jamani, tungengoja fedha, filamu zetu nyingi zisingekuwepo, na hadithi za mitaani kwetu zingesimuliwa na wenye nazo peke yao. Ninachosema ni kwamba kabla ya kukata jina, taja kwa sauti bega litakalobeba kazi yake, na bega la kwanza liwe lako. Kama hakuna bega, kata muswada. Huna mtu wa mavazi? Andika hadithi ya siku moja, nguo moja. Huna usafiri wa usiku? Andika mchana. Karatasi haichoki, mtu anachoka.

Filamu ile ilionyeshwa, watu wakapiga makofi. Mwishoni majina yalipita, na langu lilitokea mara tatu: muswada, taa, msaidizi wa mwongozaji. La yule dada lilitokea mara moja, mekapu. Orodha ile niliiandika mimi.

Mwaka jana nilimpigia simu kumwomba radhi. Akacheka. Akaniambia, "Jina wala sikulihesabu, kaka. Ungeniuliza tu kama nimefika nyumbani."