Barua kwa Asafu
Andiko: Nehemia 2:1–8



Nehemia alikuwa na wito, na mfalme alimkubali. Lakini alipohitaji miti ya malango ya Yerusalemu, hakuingia msituni usiku na msumeno. Aliomba barua ya kumpelekea Asafu, mtunza msitu wa mfalme. Kazi ilikuwa ya Mungu, na bado aliomba kibali.

Sisi pia tuna msitu wa mfalme. Unaitwa msitu wa umma, na Asafu wetu ni KFS, Shirika la Huduma za Misitu. Hata hapa tunapokaa palikuwa msitu. Wanubi ndio waliopaita Kibra, yaani msituni. Leo umebaki Msitu wa Ngong upande wa juu. Mto Motoine hupitia huko kabla ya kufika kwetu na kuingia Nairobi Dam. Miti ikisimama, mvua huzama ardhini polepole. Ikikatwa, maji huteremka kwa kishindo, na sisi wa Soweto East tuko chini. Mnakumbuka Aprili na Mei 2024.

Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma kwa siku 90, kisha ikaongeza muda. Julai 2023 Rais akatangaza kuiondoa, mambo yakafika kortini. Wakubwa walikuwa na kesi yao. Sisi tuna yetu.

Mnajua tunajenga ukumbi wa watoto. Tumeletewa mbao kwa bei ya chini sana, lakini hazina kibali cha kusafirishwa. Nimesomea biashara, na bei nzuri naipenda. Lakini lazima niulize: hiyo nafuu inalipwa na nani? Gharama haijapotea, imehamishwa tu. Ataibeba mama anayelala kando ya mto, pengine yule uliyekaa naye benchi moja leo.

Hatutazinunua. Ujenzi utachelewa, na najua mmeshatoa sadaka. Heri watoto wakae chini ya turubai kwa muda kuliko kumsifu Mungu chini ya paa la mbao tusizojua zimekatwa wapi.

Nawe ukinunua makaa, muulize muuzaji yametoka wapi. Usimgombeze, naye anatafuta unga. Uliza tu. Wanunuzi wote tukiuliza, mwenye lori atasikia.

Nehemia aliomba kwa Mungu, kisha akaomba barua. Wiki hii tufanye yote mawili.

Mbarikiwe.