Mkanda wa Mgongo

Fundi cherehani wa mtaani kwetu alinunua mkanda wa kunyoosha mgongo. Siku ya kwanza alikaa wima kama mlingoti, hata nikamwonea wivu. Wiki ya tatu, akiuvua tu, mabega yanarudi palepale.

Mkanda ule hukumbusha, haujengi. Ukijikunja unakuvuta, nawe unanyooka. Ukishinda nao kutwa, misuli ya mgongo inapewa likizo. Na kwa joto letu hili, makwapa huchubuka. Mimi ningeuvaa kwa muda mfupi, kisha ninyanyuke kitini kila baada ya nusu saa.

Mtoto anayekua ambaye uti wake wa mgongo umepinda kwa upande, hiyo ni habari nyingine. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vijana 72 kati ya 100 waliovaa kifaa maalumu hawakufikia kiwango cha kupasuliwa; kwa waliofuatiliwa tu bila kukivaa, 48. Kifaa hicho huvaliwa saa nyingi, hata usingizini, wala hakiuzwi kwenye meza za barabarani.

Fundi nimemshauri ainue kwanza meza ya cherehani. Akaniuliza, “Kwa matofali mangapi?”