Ujumla wa uchaguzi mkuu

Uchaguzi mkuu ni ule ambao viti vyote vya kuchaguliwa huachwa wazi kwa pamoja, na wananchi wote huulizwa kwa wakati mmoja nani wavikalie. Tanzania huufanya kila baada ya miaka 5. Fasili hii yatosha kwingi, lakini Makangale, kaskazini mwa Pemba, inagawanyika. Mpigakura wa huko, karibu na Msitu wa Ngezi, hupewa karatasi 5: ya Rais wa Jamhuri ya Muungano, ya mbunge, ya Rais wa Zanzibar, ya mwakilishi na ya diwani. Mbili za mwanzo ni za Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, tatu zilizobaki ni za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Foleni ni moja. Kisheria, chaguzi kuu ni mbili.

Basi ujumla umo katika nini? Haumo katika idadi ya vituo wala ya wagombea. Mbunge wa jimbo la Konde, pia kaskazini mwa Pemba, Khatib Said Haji, alipofariki Mei 2021, jimbo hilo lilipiga kura Julai, kisha likarudia Oktoba baada ya aliyetangazwa mshindi kujiuzulu. Kura hizo zilikuwa halali na zilikuwa na uzito wake, ila zilijaza kiti kimoja tu. Serikali iliyokuwa madarakani haikuwekwa mezani. Katika uchaguzi mkuu, hata anayetawala hurudi kuomba, na jibu la shehia moja hupimwa pamoja na majibu ya nchi nzima.

Mwaka 2015 wazo hili lilitiwa katika mtihani mgumu. Kura zilipigwa Oktoba 25. Siku 3 baadaye mwenyekiti wa tume ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuyafuta matokeo ya Zanzibar. Kura za Muungano, zilizopigwa na watu walewale, vituo vilevile, zilibaki na kuhesabiwa. Je, mtu mmoja aweza kuwa amejibu na hajajibu?

Uchaguzi wa marudio wa Machi 20, 2016 ulikuwa mkuu kwa maana ya sheria: viti vyote vya Zanzibar vilikuwa wazi. Lakini CUF, chama kilichokuwa na mizizi mirefu Pemba wakati huo, kiliususia, na wafuasi wake wengi waliona wameshajibu Oktoba. Dk. Ali Mohamed Shein alitangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Kiwango hicho chapima kura halali za waliofika vituoni. Wale waliobaki majumbani, ambao ni sehemu ya "wote" wa fasili, hakiwagusi.