Je, Nia Njema Ni Tabibu?

Wazee wetu walinena: nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu. Usemi huo hatuudharau, kwani wengi wetu tumeuona ukweli wake katika nyumba zetu. Hata hivyo yafaa tujiulize: yule aketiye kando ya mgonjwa asiyeweza kuvuta pumzi, je, nia njema yamtosha?

Huko Marekani wako watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Huitwa wataalamu wa tiba ya upumuaji. Wao hupima oksijeni impasayo mgonjwa, husafisha mpira uliotiwa kooni mwake, huiangalia mashine impumuliayo, na hushauriana na daktari siku ya kumwachisha mashine hiyo. Mwaka 1982 jimbo la California lilitunga sheria ya kuwapa leseni wenye kazi hiyo, na leo karibu majimbo yote ya nchi ile yana sheria ya namna hiyo. Atakaye leseni hana budi kusoma chuoni miaka 2 au zaidi, kisha kushinda mtihani wa taifa.

Wako wanaonung'unika. Husema kwamba leseni ni ukuta uliojengwa na walio ndani ili walio nje wasiingie, na kwamba mwenye huruma azuiwa kumsaidia mwenziwe. Tena hutukumbusha habari za Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Mwaka 1952 polio iliushambulia mji ule, na mashine za kupumulia hazikutosha. Ndipo daktari Bjørn Ibsen aliposhauri wagonjwa watobolewe koo na kupumuliwa kwa mfuko wa mpira uminywao kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapata 1,500 walipokezana usiku na mchana, na wengi waliokwisha kukatiwa tamaa wakapona. Wanafunzi wale walikuwa na leseni gani?

Hoja hii ina uzito. Lakini tutazame vema: wanafunzi wale hawakujitwalia kazi. Walielekezwa na madaktari, nao madaktari wakabaki karibu. Dhiki ilivunja desturi. Haja ya maarifa haikuivunja.

Wala tusisahau habari nyingine ya nyakati zile. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, hospitali nyingi za nchi tajiri ziliwapa oksijeni kwa wingi watoto waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia. Maelfu ya watoto hao wakapofuka, hata utafiti ulipothibitisha kwamba oksijeni iliyopita kiasi ndiyo iliyoharibu macho yao. Waliowahudumia hawakuwa waovu. Walikuwa wasomi, tena waliwapenda. Kilichopungua ni kujua. Basi huruma isiyojua kipimo yaweza kumdhuru yule yule inayemhurumia, na aliyesoma jana hana budi kusoma tena leo.

Je, kujua kwatosha? La. Mwaka 2002, katika California hiyo hiyo yenye sheria, mtaalamu mmoja wa upumuaji alikiri mahakamani kwamba aliwaua wagonjwa 6. Maarifa aliyofundishwa ili aokoe, ndiyo aliyoyatumia kuua. Mtihani ulipima akili yake. Moyo wake haukuweza kuupima.

Tuseme nini basi? Twasema kwamba leseni yafahamika vizuri tukianza na mgonjwa, si na mtumishi. Mtu mwenye mpira kooni hana sauti. Hawezi kuuliza: wewe u nani, nawe ulifundishwa wapi? Mnunuzi sokoni aweza kukichagua kitu na kukikataa, huyu hawezi. Kwa hiyo ni haki yake kwamba serikali iulize kwa niaba yake, kabla mkono wa mgeni haujaigusa pumzi yake. Leseni si mali ya aliyeitundika ukutani. Ni jibu kwa swali la asiyeweza kunena. Na kwa sababu hiyo, sharti au ada isiyomfaa mgonjwa, bali yawalinda tu wenye kazi wasipate wenzao, ni dhuluma, hata ikiandikwa katika sheria.

Lakini sheria hufika mlangoni tu. Usiku wa manane, wodi inyamazapo na king'ora cha mashine kianzapo kulia, hakuna mtahini wala hakimu chumbani. Yupo mgonjwa, na yupo mtumishi na dhamiri yake. Saa hiyo ndipo usemi wa wazee wetu urudipo na nguvu zake zote. Nia njema ni tabibu kweli, maadamu imekubali kwanza kwenda shule.